Mchanga Mlangoni kwa Shangazi

Jumatatu, 4 Mei

Mvua tena. Mgongo unauma palepale. Nimechota mchanga ndoo mbili nyuma ya banda, nikashuka nao hadi Mteremkoni, nikainama na kopo na kuumwaga juu ya reli, upande mmoja kisha wa pili, mpaka chini gatini. Hiyo ndiyo kazi yangu kabla ya kazi yangu.

Kigari kina kisanduku chake cha mchanga chini ya kiti cha dereva. Ukikanyaga pedali, mchanga unatakiwa umwagike wenyewe mbele ya magurudumu. Mrija umeziba tangu kabla ya Ramadhani. Nimesema. Nimeandika. Meneja anajibu kwamba kipuri kiko njiani. Njia hiyo sijui inapitia wapi.

Kitabu cha watalii kinakiita tramu ya kihistoria. Reli ni ya zamani kweli, ya kusukumia magunia kutoka gatini hadi maghala ya Wahindi. Wakaifukua, wakaweka gari la betri lenye viti vya mbao, wakapaka rangi. Sisi tunakiita kigari. Chuma kilicholowa juu ya chuma kilicholowa, bila mchanga, ni mlenda mtupu. Hilo kitabu hakisemi.

Kadzo, kondakta wangu, amefika kutoka kwao Magarini amelowa chapachapa, na bado anagonga kengele huku anacheka. Sijui anakitoa wapi hicho kicheko.

Jumanne, 5 Mei

Kimeteleza. Kidogo, breki ikashika, abiria wakapiga kelele kisha wakacheka. Mimi sikucheka. Nimeshuka kuangalia reli. Inang'aa. Mbele ya nyumba za Mteremkoni hakuna hata chembe ya mchanga. Umefagiwa.

Aliyefagia namjua. Ni Shangazi Rukia, dada wa marehemu baba, aliyenilea. Mlango wake umekaribiana na reli hivi kwamba akinyoosha mkono anamsalimia abiria. Kila alfajiri akishaswali hutoka na ufagio wa chelewa, na majirani wakisikia ufagio wake nao hutoka na fagio zao. Hapa kwetu mlango wenye taka ni aibu ya mwenye nyumba, na mchanga ninaoumwaga mimi, kwao ni taka.

Nimemweleza tena leo, kwa upole. Kwamba kigari hushikwa na huo mchanga. Akaniangalia kama nimemletea panya mfu sebuleni. "Mtanga mlangoni kwangu utauona siku n'takayokufa, mwanangu."

Nikacheka mbele yake. Nikakasirika njia nzima ya kurudi.

Jioni meneja kaniita. Hakukaa hata chini. Kikiteleza tena, Mteremko unafungwa, kigari kitaishia juu sokoni na kugeuza. Kwake ni jambo dogo. Juu ndiko kwenye mikahawa na wageni. Lakini wageni wanapanda kwa raha zao, watu wa chini wanapanda kwa shida zao. Magoti ya Shangazi hayapandi tena mlima. Zahanati iko juu, soko liko juu. Kabla ya kigari alikuwa haoni soko ila kwa kusimuliwa. Sasa kila Jumanne na Ijumaa anavaa buibui lake zuri, anakaa kiti cha mbele na kikapu mapajani, na anaamkiwa shikamoo na gari zima.

Haya sikumwambia meneja. Angeniuliza yanamhusu nini.

Jumatano, 6 Mei

Nimepita nyumba hadi nyumba kuwaomba wanawake wa Mteremkoni wasifagie relini. Kila mlango chai. Kila mlango maneno yaleyale. Wote wamekubali. Shangazi wa mwisho, na kwa shingo upande.

"Kesho nina wageni. Waja kumposa mjukuu wangu, Nuru. Wapite juu ya mtanga?"

Nikamwambia reli tu, Shangazi. Pengine pote fagia mpaka uchoke. Akaweka kikombe chini. "Haya. Ufagio wangu hautagusa reli."

Shangazi akisema neno halirudi. Nimekula wali baridi nikiwa nimesimama. Nalala.

Alhamisi, 7 Mei

Ufagio wake haukugusa reli. Neno lake alilitimiza.

Alichofanya ni kuosha. Wageni wa posa wanakuja, baraza lazima ling'ae. Akamwaga maji ya sabuni ndoo kwa ndoo, akasugua baraza na kizingiti, kisha marashi juu yake. Maji yakateremka yakitafuta njia, na njia yaliyoipata ni reli. Yakauchukua mchanga wote, yakaacha sabuni.

Mimi nilikuwa juu nikipakia. Na niliowapakia ni wageni haohao, wanawake saba wa upande wa bwana harusi, wenye masinia ya halua na kaimati yaliyofunikwa vitambaa. Wakiimba. Tukaingia Mteremkoni. Nikavuta breki. Magurudumu yakasimama, kigari hakikusimama.

Nyumba zilipita. Mlango wa Shangazi ulipita, yeye amesimama barazani na chetezo cha udi mkononi, tayari kupokea. Nilimwona uso. Kadzo alikuwa anagonga kengele kwa mikono miwili na kupiga kelele watu watoke. Mwenye mkokoteni wa madafu aliuacha akaruka. Tukaupiga. Tukasimama kwenye magogo ya gatini, madafu yanaviringika hadi majini.

Hakufa mtu. Alhamdulillahi. Shangazi wa bwana harusi kavunjika kifundo cha mkono. Halua chini yote. Nimekaa kwenye kiti changu mikono haitaki kuachia breki, Kadzo akaja kunibandua kidole kimoja kimoja.

Posa imepokelewa hata hivyo. Mkono umefungwa bendeji, wakakaa, wakazungumza, wakakubaliana. Watu wa huku bwana.

Ijumaa, 8 Mei

Kigari hakitembei. Leo ni Ijumaa, siku ya Shangazi ya soko. Sijaenda kwake. Sitaki kumwona.

Ofisini. Meneja anataka kujua kama nilimwaga mchanga. Nilimwaga. Ulikwenda wapi basi? Nikasema mvua. Kadzo akanitazama. Alfajiri ya jana haikunyesha hata tone, na meneja anajua.

Nimepewa onyo. Nilitaka kumwuliza kipuri kimefika wapi kwenye hiyo njia yake. Sikuuliza. Nimechoka hata kugombana.

Namkasirikia Shangazi mpaka kifua kinauma. Kisha nakumbuka alivyosimama na chetezo, na hasira inanishinda kubeba.

Jumamosi, 9 Mei

Amepanda mlima.

Nilikuwa nasugua kigari bandani. Kadzo akaja mbio. "Dada, Bi Rukia yuko kwa meneja, na hawezi kusimama." Nimekimbia. Kumbe ametoka nyumbani asubuhi, akapanda akipumzika baraza hadi baraza, kila alipokaa wakimpa maji. Viatu mkononi. Miguu imevimba.

Alikataa kiti. "Mimi ndimi nilomwaga maji. Mtoto huyu msimtie makosani. Ikiwa ni kufunga, nifungeni mimi, reli iacheni."

Meneja ni kijana wa heshima, siwezi kusema sivyo. Alimwamkia vizuri, akaagiza soda. Akamwambia, bibi, uamuzi ulishatoka jana. Onyo langu atalifuta. Mteremko ndio basi.

Shangazi hakuigusa soda. Nimemrudisha chini kwa tuktuk, ambayo nauli yake hawezi kuilipa kila wiki. Akanishika mkono. "Kumbe ulikuwa wanambia kweli." Nimemwambia kwa ukali kuwa nilimwambia mara nyingi. Akasema ndiyo. Nikatamani nimeze ulimi wangu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Jumatatu, 11 Mei

Wamefunga. Vigingi viwili na mnyororo pale sokoni. Kigari kinakwenda hadi mnyororoni na kugeuza. Safari fupi. Wageni hawajaona tofauti, wanapiga picha mnyororo pia.

Sina haja ya kuchota mchanga tena. Nimeamka saa ileile, nikakaa kitandani sina pa kwenda.

Mafundi wameweka mrija mpya. Umefika leo.

Jumanne, 12 Mei

Siku ya soko. Kiti cha mbele kakaa mgeni mmoja na kofia yake. Nilitaka kumwinua. Kadzo kamnunulia Shangazi mchicha na nazi, nikaahidi kuvipeleka, mvua ikanishinda. Kesho.

Jumatano, 13 Mei

Nimeshuka na mchicha asubuhi mapema, kwa miguu. Mvua imekatika. Mtaa kimya, sikusikia ufagio.

Nikauona mchanga. Mlangoni kwa Shangazi, mwingi, mweupe, haujaguswa. Nazi ilinitoka ikaviringika. Nikakimbia, nikasukuma mlango, nikaita kwa sauti ambayo siijui kama ni yangu.

Alikuwa amekaa kitako ukumbini, anachambua mchele. Akainua macho. "Kulikoni, mwanangu?"

Nikatoka nje kushika ukuta nipumue, na hapo ndipo nikaangalia vizuri. Mchanga ulikuwa juu ya reli. Mistari miwili iliyonyooka, umemwagwa kwa mkono bila haraka, kuanzia mlangoni kwake kushuka mpaka nyumba ya jirani. Hapo ndipo magoti yalipomwambia basi. Ufagio umetundikwa msumarini.

Akaja taratibu hadi kizingitini, ameshika ukuta. Tukasimama pamoja tukiutazama.

"Huu watosha?"

Nikamwambia watosha.

Akaingia kuteleka chai. Nikaenda kuitafuta nazi.