Tuta la Nusu

Arusha, karakana
Jumapili, baada ya misa

Baba, shikamoo.

Ipokee ukiwa umekaa, maana barua ni ndefu na najua mgongo wako haupendi kusimama. Shikamoo ya Mama nayo imo humu humu, asidhani nimemsahau. Kifua chake kinaendeleaje na baridi ya huko? Dada Leokadia aliniambia mwaka huu ukungu hauondoki mpaka saa nne asubuhi. Na yule ng'ombe mwekundu aliyekuwa akichechemea, amepona? Mimi mwili ni mzima, nakula na kazi inakwenda. Kinachoniuma hakiko mwilini.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu unayo. Nimepiga mara tatu mwezi huu, Baba, na mara zote nilikuwa nimekusudia kulisema jambo hili. Mara ya kwanza nikaishia kuuliza habari za mvua. Mara ya pili nikauliza ng'ombe. Mara ya tatu nikarudia mvua, ukanijibu, "Si nilikwambia juzi? Inanyesha." Nikaaga. Kwa hiyo nimekaa na karatasi, na Dada atakuletea kutoka kwake Chanji, pale Sumbawanga mjini, akija huko kijijini.

Ni habari ya siku ile ya matuta, mwezi wa pili mwaka juzi, nilipokuja likizo na mashine yangu ya kupandia mahindi. Unaikumbuka ilivyofika, imefungwa kamba juu ya basi kutoka huku mpaka Sumbawanga, na mimi kifua mbele kana kwamba nimeleta treni. Ukweli wa mashine ile sikukwambia. Nilipoitengeneza nzito, ilikata udongo vizuri lakini mtu wa umri wa Mama asingeweza kuisukuma. Nilipoipunguza uzito, ikawa inateleza juu juu na mbegu zinabaki nje. Nikaamua kuiweka katikati, si nzito si nyepesi, nikajisifu kwamba nimemaliza kazi. Mama aliisukuma hatua tatu pale uani akasema, "Mwanangu, mbona hii ndiyo inanisukuma mimi?" Nilikasirika, Baba, na hasira ile nikaenda nayo shambani.

Watu walikuwa wamekuja kutusaidia kulima ntumba, matuta yetu yale ya kufunika majani, majembe yao begani, na chungu cha pombe ya kangala kikiwasubiri nyumbani. Mzee Kasiani alikuwa wa kwanza kufika, kama kawaida yake panapokuwa na chungu. Mlikuwa mmeshaanza kufyeka majani na kuyafunika kwa udongo, matuta yanaanza kuinuka moja moja, makubwa, ya mviringo, kama ulivyofundishwa na Babu. Mimi nikapanda juu ya tuta moja, nikiwa na viatu vyangu vya karakana, nikawaambia watu wasimame. Nikasema matuta yawe nusu ya kimo chake, ili mwezi wa kumi na moja mashine ipite juu yake moja kwa moja na tusipate kazi ya kuyabomoa.

Ulininyooshea mkono nishuke, ukasema taratibu, "Desideri, tuta linasimama sasa kwa ajili ya maharage. Tukija kupanda ulezi na mahindi ndipo linalala. Wewe unataka lisimame na lilale siku moja."

Nami nikakujibu, tena kwa sauti ya kusikika mpaka mstari wa mwisho, "Baba, wewe ulifundishwa na Babu. Mimi nimefundishwa na watu waliosoma."

Watu walicheka. Mzee Kasiani akasema, "Haya, fundi kasema." Wewe hukucheka. Ulishika jembe ukalima tuta fupi, na baada yake lingine fupi, mpaka jua likapinda, na watu wakakufuata. Nilidhani nimekushinda. Imenichukua miaka miwili kuelewa kwamba ulikuwa unanistiri. Ungeweza kunifukuza shambani mwako mbele ya kijiji kizima na kila mtu angeona ni haki yako, lakini ulikubali kuharibu shamba kuliko mwanao aaibike.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Maharage yalisimama kwenye maji yakageuka manjano, Mama akayang'oa bila kuniambia. Majani nayo yalifunikwa kidogo mno, hayakuoza, yakaota upya. Mashine ilipofika kwenye vile vinundu ikawa inarukaruka kama mbuzi. Mwaka jana hukulima tuta hata moja. Na Dada ananiambia kwamba hata sasa wapita njia wanakuuliza, "Shamba la fundi linaendeleaje?" na wewe unawajibu, "Linaendelea."

Sasa nikueleze kilichoniamsha, maana sikuamka mwenyewe. Hapa karakana Jumamosi asubuhi tuna mwalimu, mama mmoja mhandisi kutoka Mbeya, jina lake Tabitha. Anatufundisha namna ya kubuni vitu vyenye mvutano ndani yake, yaani kitu kinachotakiwa kiwe hivi na papo hapo kiwe kinyume chake. Alituuliza, "Mashine inatakiwa iwe nzito ili ikate udongo, na iwe nyepesi ili isukumike. Mtafanyaje?" Darasa zima tukajibu kwamba uzito uwe wa wastani. Mimi nilijibu kwa sauti kuliko wote, maana nilikuwa nimeshaitengeneza.

Akatikisa kichwa. "Hapo mmeigawanya shida, kila upande ukapata yake. Ulizeni kwanza, iwe nzito lini? Iwe nyepesi lini? Kama ni saa tofauti, vyote viwili mtavipata vizima."

Aliposema "lini", Baba, nilikusikia wewe. Nilikuona na mkono wako umenyooka, unaniambia nishuke. Jambo ambalo huku tunafundishwa kwa chaki na vitabu ulikuwa umeniambia bure, umesimama kwenye tope.

Akaomba mfano kutoka makwetu. Nikanyoosha mkono nikaeleza ntumba: kwamba shamba linatakiwa liwe na vilima ili mizizi ya maharage isikae majini na majani yaoze chini yake, na shamba hilo hilo linatakiwa liwe tambarare ili ulezi uenee na mbolea ile ifike kila mahali, na kwamba kwetu hatukati katikati, tunayapa yote mawili nafasi kwa msimu wake. Mwalimu aliweka chaki chini. Akauliza nimelipata wapi wazo hilo zuri namna hiyo.

Hapa ndipo kalamu inakuwa nzito. Nilisema nililigundua mwenyewe, katika uchunguzi wangu mashambani.

Walipiga makofi. Mchoro wa tuta ukabandikwa ukutani, karibu na mlango, na jina langu chini yake. Wiki mbili nimepita pale kila asubuhi nikitazama pembeni. Nilikudharau kwa jambo lile lile nililokuja kuliiba. Naona aibu, Baba, sina neno la kuipamba. Wenzangu wakiniita "mtaalamu wa tuta" natamani sakafu ipasuke.

Jumatano nilimfuata mwalimu nikamwambia yote, la mashine, la watu kucheka na la uongo. Nilitegemea anigombeze. Alichukua kalamu akakata jina langu pale ukutani, akauliza swali moja tu: "Na baba yako bado anayalima?"

Nikamjibu kwamba huyalimi tena. Dada ameniambia umesema mwaka huu pia huwaiti watu, kwamba utaacha majani yasimame na kiangazi uyachome, trekta lije lilime. Alipokuuliza sababu ulimwambia, "Desideri alishasema." Baba, nakuomba, lile nililosema lifute. Niliyesema sikuwa najua kitu. Majani yapo mabichi sasa, na zimebaki wiki chache udongo uanze kukaza. Waite watu.

Mwalimu alitaka kuandika jina lako pale nilipokatwa mimi. Nikamwomba asubiri, safari hii nianze kwa kuomba ruhusa. Najua utasema wazo hili si lako, ni la Babu, na Mama atasema la bibi zake waliokuwa wakiyalima. Niambieni liandikwe la nani, nami nitalipeleka kama lilivyo.

Kuhusu mashine, Mama asiwafukuze kuku waliohamia juu yake, angalau wao wameipatia kazi. Nimeshaona dawa yake, na nimeipata kwako. Nitaitoboa niweke sanduku tupu. Itatoka nyumbani nyepesi, ikifika shambani inajazwa udongo wa pale pale inakuwa nzito, na kazi ikiisha unamwagwa. Lakini itaingia baada ya matuta kulala. Itasubiri zamu yake.

Nimepewa likizo ya siku kumi. Nitafika Sumbawanga Jumamosi ya mwisho ya mwezi, nilale kwa Dada, asubuhi niwe nyumbani. Nichongee mpini wa jembe, ule wangu wa zamani niliuacha mvuani. Nina ombi moja zaidi, na hili ndilo lililonifanya niandike badala ya kupiga simu. Nilikusema mbele za watu. Siku ya kulima, watu wakishakusanyika, kabla chungu hakijafunuliwa, mpe Dada Leokadia barua hii aisome kwa sauti, yote, hata pale pa uongo. Mimi nitakuwepo, nimesimama kwenye mstari na jembe langu. Wacheke watakavyo. Ukiona haifai, basi ikunje, nami nitasema kwa mdomo wangu.

Nisalimie Mama, mwambie namletea kitenge kizito cha kujifunika kifuani. Msalimie shemeji, mume wa Dada, aliyetupakizia mashine ile bila kutucheka. Shangazi mfinyanzi, mwambie chungu cha safari hii kiwe kikubwa. Na Mzee Kasiani, mpe shikamoo yangu, halafu umwambie fundi amesema tena, amesema baba yake alikuwa sahihi.

Ni mimi mwanao, yule uliyemnyooshea mkono ashuke. Nimeshuka.

Desideri