Opio, Karanga Wako Ameua

Opio,

Karanga ameua tena. Yule mpishi wako wa kuchekesha, siku hizi hapiti sura bila kuacha maiti, na mimi ndiye ninayemshika mkono. Afadhali usikie kutoka kwangu.

Sikuja kaburini kukwambia. Walikuzika kwenu, ng'ambo ya mpaka, na barabara ya Nimule, ya kwenda huko, mimi siwezi kuipita tena hata kwa mawazo. Na kuongea, unanijua. Mbele ya watu siwezi. Kwa hiyo nakuandikia, jinsi tulivyozoea.

Unakumbuka alivyozaliwa? Ile tamthilia ya falme mbili, kwenye kibanda cha video hapo Nyakuron, Juba, na yule vijei wa Kampala akitafsiri kwa Kiganda juu ya sauti za wenyewe. Kiganda sijui, wewe ulikuwa unaninong'oneza kwa Kiswahili chako. Nyuma ya mfalme akapita mtu amebeba sufuria, hata uso hauonekani vizuri. Vijei akampa jina pale pale, Karanga, akamfanya alalamike kwamba mfalme anakula sana na hasemi asante. Kibanda kizima kikacheka. Nikaenda nyumbani nikaandika hadithi ndefu juu ya Karanga, nikidhani yumo kweli kwenye tamthilia. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Keji, huyo mtu hakuna. Vijei ametunga tu." Halafu ukafikiri kidogo. "Basi iko yetu."

Ndivyo tulivyoingia kwenye hii kazi ya kuandika hadithi ndani ya tamthilia ya watu na kuziweka mtandaoni. Wafalme walikuwa wao, farasi wao, vita vyao. Karanga alikuwa wako. Poni alikuwa wangu.

Poni wa kwanza naona aibu hata kumtaja. Nywele mpaka kiunoni, wana wa mfalme wanamgombania, na mapenzi yake yote niliyaandika kwa Kiingereza, kwa sababu kwa Kiswahili ningehisi nyanya yangu anasoma. Uliposoma ulisema, "Huyu ni wewe na nywele ya dukani." Ukamnyoa. Ukamfanya bubu, mfuaji wa nguo za maadui anayesikia kila kitu. Na siku askari alipomshika nyuma ya kamba za nguo, ukaniambia nimwache atumie meno. Akang'oa sikio. Lile sikio lilikuja kwa Kiswahili, lenyewe, lina chumvi, gegedu linavunjika katikati ya meno. Ulinitazama kama mtu mgeni. "Wewe iko muoga sana," ulisema, "lakini mkono yako inauma."

Basi damu ikawa yangu, utani ukawa wako. Ukaweka sheria: hakuna kuua mtu wa mwenzako bila ruhusa. Na Karanga haui. "Anapiga na mwiko, halafu anapea mtu chakula." Poni alipomchoma mtu kisu, Karanga alikuja nyuma yake na ndoo, akipangusa sakafu na kunung'unika kwamba damu haitoki kwenye udongo.

Halafu Nesitu, kwenye barabara ile ile.

Sikuwepo, lakini nimekuwa pale kila siku tangu wakati ule. Mjomba wako, aliyekuwa nawe kwenye gari, alitusimulia matangani. Mlikuwa mnatoka Nimule na mafuta na unga wa mama yako. Watu wakatoka kwenye nyasi. Risasi ya kwanza ikapasua kioo, iliyofuata ikapita shingoni mwako, na ukaishika shingo kwa mikono yote miwili kama mtu anayefunga kola. Aliyepiga alikuwa kijana, amevaa gambuti nyeupe, zile buti za mpira za watu wa nyama. Alipanda kwenye gari akakukanyaga kifuani ili aifikie mitungi ya mafuta.

Wakati anasimulia, mama yako alikuwa amebebwa ndani, amezimia. Habari ya gambuti hakuisikia. Watu wote waliokuwa pale waliamua bila kuambiana kwamba asiisikie.

Niliacha kuandika kwa muda mrefu. Wasomaji wakauliza, Karanga yuko wapi? Nikamrudisha, nikidhani nitamkuta ulipomwacha. Sikumkuta, Opio. Nilimpa mwiko, akauweka chini, akachukua kisu cha kutenganisha mifupa. Mtu wake wa kwanza alimtumbukiza kichwa kwenye sufuria ya uji unaochemka, akamshikilia mpaka miguu ikaacha kurusha mateke. Nikajiambia ni mara moja tu. Sura iliyofuata akampasua mwingine tumbo kama anavyompasua mbuzi, polepole, akimtajia jina la kila kinachotoka. Wasomaji wakaongezeka. Mmoja wa Kakuma akaandika, "Hatimaye Karanga amekuwa mwanaume." Msichana wa Eldoret akaandika, "Huyu siye. Mmemfanya nini?" Maoni ya Eldoret niliyafuta.

Poni nilishindwa kabisa kumwandika. Alibaki pale kwenye kamba za nguo, anamtazama.

Na kila aliyeuawa alikuwa amevaa gambuti nyeupe. Ndani ya ufalme wa mapanga na farasi, gambuti. Hakuna msomaji aliyeuliza.

Kisha mama yako akaniita. Bado anauza chapati na mandazi chini ya ile rakuba, kile kivuli cha matete mbele ya duka. "Keji, binti yangu, ile kitu Opio alikuwa anaandika na wewe. Nisomee."

Nilianza na za zamani. Alicheka akiwa ameegemea meza, akalia akiwa ameegemea meza, mandazi yakaungua. Halafu akasema, "Endelea. Nini ikafuata?" Na mimi mbele ya mtu mzima siwezi kukataa hata soda nisiyoitaka. Nikaendelea. Nikasoma uji, macho kwenye simu tu. Nilipoyainua, unga ulikuwa umemkauka mikononi. Nikangoja anifukuze.

"Huyo hakufa vizuri," alisema. "Rudia pale kwa miguu."

Nikarudia.

Kuanzia hapo nilikuwa naandika kwa ajili ya msomaji mmoja. Kila Jumamosi nilimpelekea sura, na alikuwa na maoni. Kisu kisiwe kikali sana. Mtu aitwe jina kwanza, ajue anakufa kwa ajili ya nani. Aliniambia maji ya moto yanapoa haraka, mafuta yanakaa. Mama yako, anayeimba sauti ya kwanza kwenye kwaya. Nikaandika mafuta. Nitakuwa mkweli: nilifurahi. Tangu familia yangu ihamie Juba kutoka Kenya hakuna mtu mzima aliyewahi kuningoja nifike. Siku moja akauliza mbona wote wanavaa gambuti nyeupe.

Nikamwambia.

Kijana mmoja alikuja asubuhi, mvua ikinyesha. Anaitwa Wani, nimejua baadaye, anabeba nyama kutoka machinjioni hadi sokoni. Alisimama mbele ya karai la mafuta, akaagiza chapati, akatania jinsi wateja wanavyotania. "Mama, leo iko nyembamba hivi, mimi naona mpaka kule Yei ndani yake." Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kreti, simu mkononi, sura mpya tayari. Mama yako alitaka kucheka, nina hakika. Halafu akatazama chini, akaona miguu: gambuti nyeupe.

Alilishika karai masikio yote mawili, bila kitambaa.

Wani aliinua mkono kukinga uso. Mafuta yakamshukia kuanzia kiwikoni, na ngozi ikateleza kuelekea vidoleni kama soksi. Hiyo nilikuwa nimeiandika, Opio. Neno kwa neno, kama soksi. Sauti aliyoitoa sikuwa nimeiandika, kwa sababu sikuijua.

Mama yako akapiga kelele kwamba huyu ndiye aliyemuua mtoto wake. Unajua hapa watu wanavyokuja. Waliacha boda zao barabarani, wakaja na fimbo, wengine na matofali, na hakuna aliyeuliza mtoto yupi. Tofali la kwanza lilimpata juu ya sikio. Alianguka kwenye matope, mkono wake ukiwa juu, haugusi kitu. Fimbo ikaushukia huo huo mkono. Nikasikia mtu anapayuka kwa Kiarabu kibovu, kile wanachonichekea shuleni, anasema huyu hapana, malesh, samahani, huyu hapana, mimi ndiye nilisema gambuti, mimi ndiye nilitunga. Nilichelewa kujua ni mimi. Nililala juu yake wasikifikie kichwa. Nilipigwa mgongoni, si sana. Yeye alikuwa ananing'ata bega kwa maumivu, na alama ya meno ipo.

Mjomba wako alitoka gereji mbio. Akampangusa yule kijana matope usoni, akamtazama. "Si yeye," akasema. Akarudia kwa Kiarabu. Watu wakasimama na matofali yao, kisha wakayaweka chini taratibu kama wanayarudisha dukani.

Wani yuko hai. Vidole vitatu madaktari wanasema vitakunjuka, vingine hawajui. Shangazi yake alikuja na wazee wao, wakakaa na mjomba wako chini ya rakuba, wakakubaliana kwamba mama yako atamlisha na kumuuguza mpaka apone. Kwa hiyo kila mchana anampelekea chakula, naye mwenyewe viganja vimefungwa bandeji. Vyombo nabeba mimi. Wani anakula kwa mkono wa kushoto, ameupa ukuta uso. Siku ya kwanza alisema kitu kimoja tu, kwangu: "Wewe ndiyo ile msichana ya kunilalia. Unaumiza." Sijui kama ulikuwa utani.

Nikaamua Karanga afe. Niliona ndiyo njia ya kumnyang'anya kisu. Nilikuwa nimeshaandika kitanzi. Lakini sheria ni yako, na ruhusa ningeiomba kwa nani? Nikamwendea mama yako. Alikuwa amekaa kitandani, mikono juu ya mapaja kama si yake.

"Mama, nataka Karanga afe."

Aligeuza viganja vyake, akazitazama bandeji.

"Hapana," alisema. "Hamtaniulia mtoto mara mbili."

Nikamwambia basi sijui nimpeleke wapi. Kwa mfalme hawezi kurudi kupika. Nani atakula chakula cha mtu yule? Na siwezi kuzifuta zile sura nikajifanya hazikuwepo, watu wamezisoma, na mkono wa Wani uko pale.

"Mpeleke kwao," alisema. "Iko na mama, ama hana?"

Hatukuwahi kumpa mama, Opio. Wahusika wote wale, miaka yote ile, vita juu ya vita, na hakuna hata mmoja tuliyempa mama.

Sasa anaye. Nimeanza kumrudisha. Anatembea, damu imemkauka mpaka viwikoni, na kila mto anaoufikia una watu wanaochota maji, kwa hiyo hanawi. Poni ameondoka kwenye kamba za nguo, anamfuata kwa mbali, na amesema neno lake la kwanza. Ni tusi. Ungelipenda. Wasomaji wananikimbia. Yule wa Kakuma amesema Karanga amekuwa mwanamke. Msichana wa Eldoret sijui kama bado anasoma. Nimemwandikia kumwomba msamaha.

Gambuti nimezivua kwa kila mtu. Maadui wanapigana pekupeku.

Siwezi kukuahidi kwamba sitaandika damu tena. Ungejua nadanganya. Aliyekukanyaga bado anatembea mahali fulani, na kuna asubuhi naamka meno yangu yameshikana. Ninachokuahidi ni hiki: Karanga hatakufa mkononi mwangu, na hatanawishwa na mimi.

Nimefika mahali anasimama mlangoni. Ni nyumba ndogo, kuna moshi wa jikoni, mtu anakohoa ndani. Amebisha hodi. Hapo nimeishiwa, kwa sababu sijui mama wa mtu kama huyo anafanya nini akiona ile mikono. Jumamosi nitakwenda kwa mama yako nimuulize. Atakachosema ndicho nitakachoandika, hata kama ni kumfungia mlango.

Pumzika, rafiki yangu. Waachie wengine barabara.

Keji