Korosho Sakafuni

Mjukuu wangu Saidi,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia. Huku Newala hatujambo, ila maji ni yale yale ya shida. Mama yako yuko shambani anaokota korosho.

Umeniuliza kama naamini kompyuta inaweza kuijaribu hospitali mnayoipanga kabla haijajengwa. Sisi tulijaribu kwa korosho. Wakati wa vita vya Msumbiji nilikuwa nesi kijana, na majeruhi walikuwa wakivuka Ruvuma kuja kwetu. Tabibu akachora wodi mpya sakafuni kwa chaki. Kila korosho ilikuwa mgonjwa, tukazisogeza kutoka mlangoni hadi vitandani, zote zikapata nafasi. Tukafurahi.

Mama mmoja aliyekuja na mumewe majeruhi alikuwa akitutazama. Akauliza, "Na mimi mmeniweka wapi?"

Kwetu nani hulazwa peke yake? Lazima awepo wa kumpikia na kumtafutia maji. Tulipoongeza korosho za hao ndugu wa wagonjwa, mlango ukaziba. Basi tukapunguza vitanda, tukaanza na banda la kupikia.

Kompyuta yako naiamini, ila niulizie jambo moja. Siku nikilazwa katika hospitali hiyo, mama yako atalala wapi?

Bibi yako