Ukae Mbele ya Mtambo wa Chacha

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje na baridi ya huko Bomani? Mimi mzima, ila usingizi sina. Barua hii anakuletea binamu anayerudi kupitia Sirari. Mwalimu Neema, mpangaji wako, akusomee wakati kaka Chacha hayupo. Simu unayotumia ni ya Chacha, na nikitaja tu ile gesi ya kontena lake anaikata.

Juzi tumemzika Baraka, mwenzangu hapa Mombasa kwenye yadi ya kutengeneza makontena ya baridi. Aliletewa kontena la samaki lililoacha kugandisha. Akalegeza nati ya bomba la gesi, kazi ya kila siku, moto ukaruka wenyewe bila kiberiti. Kumbe huko lilikotoka walijaza gesi feki. Inakaa humo ikila vyuma kimyakimya, mtambo unanguruma vizuri tu, mpaka siku mtu afungue na hewa iiguse. Nilimvuta kwa miguu, Mama. Sijawahi kuogopa kazi hii, sasa naiogopa.

Mtungi wa hiyo gesi tulionyeshwa. Ni sawasawa na ule Chacha alionitumia picha akijisifu, siku fundi wa friji za nyumbani alipoijaza kwenye kontena lake la nyama huko nyuma ya nyumba. "Mura, mdogo wangu, linagandisha mpaka mifupa! Wewe una wivu tu." Huyo ndiye kaka yangu, kichwa kigumu tangu utoto. Sasa baridi imepungua, na Jumamosi fundi yule yule anarudi kufungua.

Ningekuja mwenyewe, lakini polisi bado wanatuhoji, haturuhusiwi kutoka. Chacha hanisikilizi, mimi mdogo. Jumamosi asubuhi beba mkeka, ukae mbele ya ule mtambo, unyooshe miguu. Mkorofi ni mkorofi, lakini miguu ya mama yake hatairuka, ataogopa laana. Mwambie auzime na asiuguse mtu mpaka nije.

Msalimie shemeji, mke wa Chacha, umwambie watoto wasicheze kule nyuma. Msalimie na baba mdogo wa Nyansurura. Mwalimu, asante, usimfiche mama hata neno moja.

Mama, tangu niandike kwamba ukae pale, nataka kuufuta mstari ule. Nimekosa mwingine wa kumtuma. Lakini Chacha akikuruka, na fundi akashika spana, usibishane, usimvute. Mwache mwanao, ukimbie.

Ni mimi,
Mwita