Protini Ninazosomea Si Ndengu

Jumapili, Kiritiri. Jua limewaka tangu asubuhi na upepo unaleta vumbi hadi ndani ya sufuria. Nina hasira, na leo sitajifanya sina.

Juzi daktari aliahirisha upasuaji wa Baba. Ana kansa ya utumbo mpana, na wiki hii alikuwa aondolewe uvimbe. Daktari alimpima uzito, akatikisa kichwa. Amedhoofika mno, hawezi kustahimili kisu. Akale kwanza, apate nguvu, ndipo arudi.

Nilikuja mbio kutoka Nchiru ninakosomea. Nikamuuliza Mama, mzee anakula nini siku hizi? Ugali na sukuma. Nyama? Hapana. Maziwa? Hapana. Hata ndengu, jamani, na hapa Mbeere ndengu ndizo zimetulea?

"Si ni wewe ulituambia protini ndio inafanya hiyo kansa ikue?" Mama akanijibu. "Sasa ningempea ndengu aje?"

Ni kweli nilisema. Likizo iliyopita walitaka kujua ninachosomea, nikawaambia nachunguza protini zinazosaidia kansa ya utumbo kukua. Kumbe hapa kwetu protini ni neno la shule ya msingi: maharagwe, mayai, nyama. Nani angeelewa vingine?

Hizo zangu hazipikwi. Seli hujitengenezea zenyewe. Kabla ya kugawanyika, seli hunakili DNA yake, yale maagizo tunayorithi kwa wazazi. Kuna protini zinazofungua nyuzi mbili za DNA kama zipu, na nyingine inayoshikilia mitambo ya kunakili isiteleze. Kwenye kansa ya utumbo protini hizi mara nyingi huzidi kiasi, na seli zinanakili na kugawanyika bila breki. Tunatafuta namna ya kuzizuia. Kumnyima mgonjwa chakula hakuzizuii hata kidogo. Uvimbe hujichukulia unachotaka mwilini, anayekonda ni Baba.

Baba mdogo alikuwa amekaa pale, akaona amepata nafasi. "Hayo masomo yenu yatamaliza watu. Wachana na mzee."

Siachani naye ng'o! Nikinyamaza mimi, atakuja mwingine na dawa yake ya chupa, na huyo atasikilizwa.

Nikateleka ndengu, nikakaanga mayai, nikampelekea Baba mwenyewe. Aliitazama sahani, akaisukuma kidogo.

"Nimekuwa nikizitamani sana," akasema polepole. "Lakini kama ni wewe ulisema, ningekula aje?"

Hapo nililia. Nililia mbele ya wote, Baba mdogo akiwemo, na sioni haya. Mzee alikuwa akijinyima kwa sababu ananiamini. Hakuhitaji kulazimishwa na mtu.

Nikapangusa uso. "Basi ni mimi tena nimesema, Baba. Kula."

Akala. Akaomba aongezwe.

Neno langu lilimfunga mdomo, na neno langu litaufungua, hata kama nitalieleza mara mia kwa Kimbeere cha kuokoteza maneno ya sayansi. Sirudi Nchiru wiki hii. Kesho asubuhi ni maziwa na mayai, na mwenye hoja aje nayo kwangu, asiende kwa mzee.

Kisu kitamkuta Baba ameshiba.