Fimbo Iliyonizibia Masikio

Nyumbani, chumba cha mbele,
14 Mei

Mpendwa dada,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Shemeji ameacha kukohoa? Sisi wazima, ila mimi hofu imenikaa rohoni, na ndiyo inayoniandikisha barua hii. Kompyuta inanisomea kila neno, kwa hiyo makosa ni yangu mwenyewe.

Wiki tatu zilizopita, mhandisi mmoja anayebuni vifaa vya sisi tusioona aliniletea fimbo mpya niijaribu. Inalia kila ikikaribia kitu. Nikatoka nayo kwenda karakana yangu ya ufinyanzi, ng'ambo ya barabara. Dada, ililia kwa ukuta, ikalia kwa nguzo, ikalia kwa watu. Katika makelele hayo sikulisikia lori. Fundi cherehani wa jirani akapaza sauti, "Simama!" Upepo wa lori ukanipiga usoni.

Siku tisa nilijifungia ndani kama kuku anayeatamia. Sanamu ya uso wa marehemu mama ikabaki karakanani bila pua, na udongo ukikauka hausikii tena kidole.

Mhandisi akaja kuomba radhi, ati ataipaka fimbo rangi ya kupendeza. Nilicheka kwa hasira.

"Mwanangu, masikio ndiyo macho yangu. Umeyaziba, halafu unaniletea rangi?"

Akanywea. "Sasa nifanyeje?"

Nilichukua donge la udongo ninaloliweka nyumbani, nikafinyanga mpini unaoenea kiganja changu, nikabonyeza kishimo cha kidole gumba. "Initetemeshe hapa. Kimya kimya."

Akaenda, akairudisha juzi imetengenezwa hivyo hivyo.

Jana nilivuka. Nilimwomba fundi cherehani akae karibu lakini asiniguse. Nikasikia pikipiki, nikasikia baiskeli, nikasikia na moyo wangu. Katikati ya barabara kidole gumba kikatetemeka, nikaganda. Sikujua kama ni fimbo au ni mimi. Kumbe mkokoteni umeachwa pale. Nikauzunguka.

Mama nilimkuta amepasuka shavu. Nimemlowesha, nimemziba ufa, nimempa pua. Ni yake hasa, ile pana tuliyorithi wote.

Nisalimie shemeji na pacha wako wote wawili; mwambie yule mkorofi mama yake mdogo hajamsahau. Mola awafunike kwa amani yake.

Karakana inaningoja sasa hivi, na lazima nivuke tena. Hofu haijaniacha, dada. Navuka nayo.

Mdogo wako akupendaye,
Mama Udongo