Pedali Inayozama

Mjukuu wangu Daudi,

Mimi babu yako nina miaka sabini na tisa, nimezika magari matano na mafundi wake wote. Kwa hiyo swali moja usiniulize mara nne. Huku Ihanda hatujambo, kahawa imechanua.

Umeondoa breki za ngoma kwenye pikapu yangu, umefunga za diski, umetoa hewa siku tatu na pedali bado inazama. Na watoto unataka kuwaleta nayo Krismasi! Pampu mpya ya breki unayotaka kununua ni ya nini sasa?

Hata mimi yalinikuta nikiwa kijana, na fundi wa kunishinda hapa hakuwepo. Nikaenda na gari langu ukweni kujionyesha, likasimamia ndani ya kihenge cha mahindi cha mkwe.

Mkwe huyo, mama yake bibi yako, alikuwa hasemi nami, ndiyo heshima yetu. Aliinama kwenye gurudumu nikiwa palepale, akamwambia bintiye, "Muulize mumeo, hewa inapanda au inashuka? Mbona nati ya kuitolea hewa hiyo iko chini?"

Kaliper, kile chuma kinachobana diski, ya kulia nilikuwa nimeifunga kushoto, ya kushoto kulia, ndiyo maana nati zilikuwa chini na hewa ikabaki juu. Nikajibu, "Mwambie mama yako alime." Nikahangaika siku mbili zaidi. Alipokwenda shambani nikazibadilisha kimyakimya, na pedali ikawa ngumu. Amekufa sijamshukuru.

Mkeo kanipigia, anasema nati alikuonyesha siku ya kwanza. Msikilize, wewe.

Kama huniamini, muulize bibi yako. Ndiye aliyebeba maneno yote, ya mama yake na yangu yale mabaya.

Babu yako